Kijana akibadilika, kagua kwanza debe la unga

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya kata, upande wa Chamwino. Mzazi akija ofisini kwangu mara nyingi anakuja na jibu mkononi: "Mwalimu, huyu ameharibiwa na simu." Simu inaweza kuwemo, na kubeti kwa hawa wavulana kumo kweli, lakini mimi huanza na mahali anapolala na anachokula.

Wanafunzi wetu wengi kwao ni mbali, kwa hiyo wanapangiwa geto karibu na shule. Chumba kimoja, wasichana watatu, debe la unga, mzazi haonekani mpaka mwisho wa mwezi. Unga ukikata katikati ya mwezi, mtoto anashinda na njaa, usiku usingizi hauji, asubuhi anamjibu mwalimu vibaya, anachapwa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayesoma kwa tochi hadi saa sita usiku kisha akaamka saa kumi kuwahi foleni ya maji, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, nenda getoni. Funua debe. Tazama kama mlango una komeo la ndani, na uulize nani hugonga usiku, maana bodaboda anayemnunulia chipsi binti yako anajua siku unga unapokwisha. Swali hilo muulize akiwa peke yake. Mbele ya wenzake atakuambia mambo ni shwari.

Dalili za kufuatilia ni hizi: ameacha alichokuwa anakipenda, anajitenga, hasira za haraka, alama zinashuka, analala kupita kiasi au halali kabisa, tumbo na kichwa vinauma kila mara na zahanati hawaoni ugonjwa. Siku mbili tatu ni kawaida ya umri. Zikifika wiki mbili, chukua hatua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la wanafunzi 70, hao ni 10.

Kuongea naye usimwite sebuleni kama kikao cha ukoo. Kaeni mkipukuchua mahindi au mkibangua karanga. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana. Sema ulichokiona: "Mwanangu, naona siku hizi chakula unakiacha." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, tunajaza kimya kwa mahubiri. Na siku ya matokeo, kile kisa cha mbuzi uliowauza kulipia masomo kiache kwanza. Anakijua.

Akitamka kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoa dawa za mifugo na za shambani mahali anapoweza kuzifikia, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wasichana wakianza kuanguka mapepo shuleni, watenganisheni, wapelekeni kivulini, fukuzeni watazamaji na wanaopiga video. Kuomba sikatazi, mimi mwenyewe ni Mwanglikana. Ila wakishatulia, chunguzeni wiki ile kulikuwa na nini: mtihani, msiba, adhabu kali. Mara nyingi kuna kitu.

Msaada upo. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Halafu kuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa Dodoma. Huku kwetu jina hilo limegeuzwa utani, "wewe wa Mirembe," na kwa sababu ya utani huo wazazi wanampitisha mtoto kwa waganga kwanza. Ile ni hospitali, ipo tangu 1927, na wapo wanaotibiwa na kurudi nyumbani jioni. Nenda naye mwenyewe. Andika kwenye karatasi alianza lini kubadilika, na dawa zote alizokunywa, za kienyeji pia. Daktari lazima azijue kabla ya kumwandikia nyingine.