Jinsi ya kuomba kuongezewa muda wa kufaili kodi Marekani mambo yakikubana

Kila ikikaribia katikati ya mwezi wa nne huku Marekani simu zinakuwa hazikatiki, huyu kafiwa nyumbani kakata tiketi ya ghafla kaenda Kigoma, yule kalazwa, mwingine kampuni aliyoacha kazi mwaka jana haijamtumia W-2, ile karatasi ya mshahara na kodi iliyokatwa, mpaka leo, mwingine anaendesha Uber na karatasi zote zimelala kwenye buti la gari, na wote swali lao moja tu, jamani tarehe 15 ndo hii nafanyaje? Unaomba ekstensheni, yaani kuongezewa muda. Ukiomba kabla siku haijapita na ukajaza vizuri unapata miezi 6 zaidi, yaani mpaka tarehe 15 mwezi wa kumi. Fomu yenyewe ni namba 4868, ni bure, na mtu akitaka kukulipisha dola 100 kukujazia hiyo peke yake mwambie asante kaka nitajaza mwenyewe.

Kitu ambacho watu wetu wanakuwa wagumu kuamini ni kwamba huulizwi sababu. Sisi tumezoea ukienda ofisi ya serikali kuomba chochote lazima ubebe barua ya mwenyekiti wa mtaa, cheti cha daktari, na maelezo marefu ya kumlainisha karani. Hapa wala. Umefiwa, unaumwa, umechoka, hujajipanga, kwao yote ni sawa, hiyo fomu haina hata sehemu ya kuandika sababu na haina sehemu ya kusaini pia. Kwahiyo usikae wiki nzima unatafuta kibali cha mazishi kikufanyie ushahidi, hakuna atakayekisoma.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaumia, naomba usome taratibu. Ekstensheni inakuongezea muda wa KUFAILI ritani, yaani kupeleka yale makaratasi ya hesabu ya kodi ya mwaka, haikuongezei muda wa KULIPA. Kama unadaiwa, hela ilitakiwa iwe imefika tarehe 15 mwezi wa nne hata kama makaratasi utapeleka mwezi wa kumi. Alafu kuna wale wanaosema sina hela kwahiyo sifaili wala siombi kitu, nikipata ndo nitaenda, hao ndo wanaoungua kabisa, maana adhabu ya kutokufaili ni kubwa kuliko ya kutokulipa mara kumi. Kutokufaili ni asilimia 5 ya deni kila mwezi, na mwezi ukianza tu unahesabiwa mzima, mpaka ifike asilimia 25. Kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi. Zikikupata zote mbili mwezi mmoja, ile kubwa inapunguzwa na ile ndogo, kwahiyo jumla inabaki 5.

Tuseme unadaiwa dola 2,000 na huna hata senti. Ukinyamaza miezi mitano, adhabu zinafika dola 500 na kuzidi. Mwenzako mwenye deni hilohilo aliyeomba ekstensheni akafaili mwezi wa kumi na kulipa hapohapo, adhabu yake ni kama dola 60 kwa miezi sita. Riba wote mnalipa, hiyo haikwepeki, ila ona tofauti. Na kama kufika tarehe 15 mwezi wa nne ulishalipa angalau asilimia 90 ya kodi yote ya mwaka, ukihesabu na ile inayokatwa kwenye mshahara, alafu kilichobaki ukakilipa unapofaili, hiyo nusu asilimia nayo kwa kawaida hawakudai. Ndo maana nasema hata ukiwa na dola 200 tu peleka hizo 200.

Na kama wewe ndo unawadai, yaani utarudishiwa hela, kuchelewa hakuna adhabu. Ila mimi ningeomba tu, kwasababu watu wengi wanadhani watarudishiwa alafu wakikaa kwenye hesabu wanakuta ile 1099, karatasi ya mapato ya kazi za kujitegemea, ya DoorDash ya kupeleka chakula imebadilisha kila kitu.

Kuomba kuna njia tatu. Ya kwanza na rahisi kwa mwenye hela kidogo ni kulipa tu kupitia IRS Direct Pay, ukurasa wa malipo wa IRS ambao ndo mamlaka ya kodi ya serikali kuu, pale kwenye sababu ya malipo unachagua Extension, hapo mfumo unahesabu umeshaomba na fomu hujazi tena. Angalia sana mwaka. Ukilipa mwezi wa nne 2026 kodi ni ya 2025, ukichagua 2026 hela itaenda kukaa mwaka usio wake na kuitoa huko ni simu za kusikiliza muziki saa zima. Shida ya Direct Pay ni kwamba inakuhakiki kwa taarifa za ritani ya miaka ya nyuma, kwahiyo wewe ambaye umefika juzi na hujawahi kufaili itakugomea.

Ya pili ni IRS Free File. Kufaili ritani bure kupitia kule kuna kikomo cha kipato, ila kuomba ekstensheni hakuna kikomo, awe daktari awe mbeba mizigo wa Amazon wote wanaruhusiwa. Anzia kwenye tovuti ya IRS yenyewe inayoishia na .gov, usiandike Google alafu ukabonyeza cha kwanza kinachotokea. Ukimaliza unapata ujumbe kwamba imepokelewa, piga picha ya skrini. Ikirudishwa kwa kosa dogo, mfano jina halifanani na kadi ya Social Security, hilo kwetu ni kawaida sana wenye majina matatu, una siku 5 za kurekebisha na kutuma tena.

Ya tatu karatasi. Unaprinti, unajaza, unatuma kwa posta kwenye anwani iliyoandikwa kwenye maelekezo ya fomu, anwani zinatofautiana kulingana na jimbo unaloishi na kama unaambatanisha cheki au la. Kinachohesabika ni muhuri wa posta uwe wa tarehe 15 au kabla, kwahiyo ukifika dakika za mwisho nenda dirishani, ongeza hela kidogo utume kwa certified, yaani barua yenye ushahidi wa kutumwa, tunza kile kirisiti kama cheti cha kuzaliwa. Cheki iandikwe United States Treasury.

Kujaza sasa. Juu ni jina, anwani, na namba ya Social Security, na kama mnafaili pamoja na mke au mume mnaingia wote kwenye fomu moja. Ambaye hana Social Security na hastahili kupata, na ITIN, ile namba ya kodi ya wasio na Social Security, bado hajaomba, pale pa namba anaandika ITIN TO BE REQUESTED, hiyo inakubalika kabisa, usiache wazi na usiweke namba ya mtu mwingine kwa hali yoyote. Mstari wa 4 ndo wa kukuna kichwa, unataka makadirio ya kodi yako ya mwaka mzima. Sio lazima iwe sahihi mpaka senti, ila iwe na akili ndani yake, ukibandika namba ya uongo makusudi wanaweza kuifuta ekstensheni yako. Chukua ritani ya mwaka jana, angalia kipato kimepanda au kimeshuka, anzia hapo. Waliojiajiri, madereva wa Uber na wenzetu wa malori, msisahau ile kodi ya kujiajiri, asilimia 15 na ushee ya faida juu ya kodi ya kawaida, wengi wanaiacha alafu mwezi wa kumi presha inapanda. Mstari wa 5 ni kodi uliyokwisha kulipa, kwenye W-2 iko kisanduku cha 2, kama ulikuwa na kazi tatu jumlisha zote. Mstari wa 6 unatoa, wa 7 unaandika utalipa kiasi gani leo, hata 0 inaruhusiwa na ekstensheni unapewa vilevile.

Kisanduku cha 8 kinawachanganya watu. Hicho ni cha raia au mkazi wa Marekani ambaye siku ya tarehe 15 anaishi na anafanya kazi nje, mfano umeajiriwa Nairobi au Muscat na makazi yako ni huko. Huyo ana miezi miwili ya bure mpaka tarehe 15 mwezi wa sita bila kuomba, ingawa riba inaanza palepale mwezi wa nne, na akijaza 4868 kabla ya hiyo tarehe anafika mwezi wa kumi. Kwenda msibani wiki tatu hakukufanyi mtu anayeishi nje, hata kama siku yenyewe ilikukuta uko Bukavu. Wewe omba kabla hujapanda ndege.

Wanaoishi kwenye maeneo yaliyopigwa na janga wana mambo yao. Mioto ya Los Angeles mwezi wa kwanza 2025, IRS wenyewe walisogeza tarehe ya watu wa kule mpaka 15 mwezi wa kumi, kulipa pia, na baada ya kimbunga Helene watu wa North Carolina nao walisogezewa tarehe zao mwaka 2025. Wanaangalia anwani uliyonayo kwao, kwahiyo kama umehama na hujawaambia, waambie.

Alafu jimbo. Hiyo 4868 ni ya serikali kuu tu. Texas, Florida na Tennessee hazikati kodi ya mshahara kwahiyo hapo umemaliza. California na Minnesota zinakupa miezi sita zenyewe bila fomu, ila hela wanataka mwezi wa nne. New York wana fomu yao IT-370. Wa majimbo mengine ingia kwenye tovuti ya idara ya kodi ya jimbo lako usome mwenyewe, usimuulize binamu yako wa jimbo jingine.

Ukishaomba usisubiri barua ya kukubaliwa, haiji. Wanakuandikia wakikataa tu. Na huo muda utumie, asiye na W-2 afungue akaunti ya IRS onlaini aangalie kilichoripotiwa kwa jina lake, ikishindikana kuna fomu 4852 ya kukaa badala ya W-2. Wanaosubiri uraia nao wananiuliza sana kama ekstensheni itawaharibia, hapana, kuomba muda ni halali, kinacholeta maswali ni kutokufaili kabisa au deni ambalo hulishughulikii. Ukifaili na ukaona deni linakushinda, omba mpango wa kulipa, ule mfupi wa siku 180 hauna ada ya kuanzisha, mrefu wa kila mwezi una ada kidogo na wenye kipato cha chini wanapunguziwa au wanasamehewa. Ukipiga simu Kiingereza kikawa kizito omba mkalimani wa Kiswahili, huduma ipo na hulipi.