Sauti ya stili gitaa kwa gitaa ya kawaida: anza na hii liki moja (kipande kifupi cha melodi)

Wasee wa mugithi na nyinyi mnaopiga kantri kwa baa wikendi, hii ni yenu. Kupata stili gitaa ya pedali (ile ya kulaza, unatelezesha chuma juu ya nyuzi na kukanyaga pedali) hapa Nairobi ni kazi na bei haishikiki, lakini liki zenyewe zinatoka poa tu kwa gitaa ya umeme ya nyuzi sita, bora uelewe stili inafanya nini.

Stili ya E9 (hiyo ni tyuni yake) ina nyuzi 10. Ukikanyaga pedali ya A, nyuzi za B zinapanda hadi C# na zile zingine zinaendelea kulia palepale, hazisongi. Utamu wote uko hapo. Mpiga stili Bud Isaacs aliifanya kwa wimbo Slowly wa Webb Pierce, 1954, na wapigaji wengine wakaanza kuitafuta hiyo sauti.

Sisi hatuna pedali so tunasukuma na kidole. Tuseme uko kwa kodi (chord) ya D, na nyuzi tunahesabu kuanzia ule mwembamba. Kidole cha pete kwa uzi wa tatu freti ya 9, cha kati kikae nyuma yake freti ya 8 kimpe nguvu, alafu kidole kidogo kilalie uzi wa kwanza na wa pili freti ya 10. Piga zote tatu pamoja, piki kwa uzi wa tatu na vidole kwa hizo mbili, kisha sukuma uzi wa tatu kuelekea wa nne, polepole, mpaka noti ya E ifike F#. Shida huwa ni kidole kidogo, mkono ukisukuma nacho kinavutwa na kodi yote inapinda, kwa hivyo kikaze kabisa kisitingishike. Kabla usukume piga freti ya 11 ya uzi huo huo ndio sikio lijue inaenda wapi. Wapiga stili wenyewe hutyuni hiyo noti chini kidogo ya tyuna, jaribu uskie venye inatulia.

C ni hiyo hiyo kwa freti 7 na 8, G ni 14 na 15. Hapo ushapata kodi tatu za nyimbo kibao za kantri.

Uzi wa tatu usiwe ule umezungushiwa waya, huo hautasonga, na seti ya nyuzi nyembamba za 9 inahurumia vidole. Disto zima. Kama uko na pedali ya volyumu, piga ikiwa chini alafu uipandishe noti ikiwa tayari inalia, ule mlio wa piki ikigonga uzi unapotea na gitaa inaanza kulia kama stili.

Ukishazoea, geuza: sukuma kimya kimya kwanza, piga, ndio uachilie irudi E.