Kutenga aktinobakteria kutoka kwenye udongo: kausha kwanza, dawa baadaye

Mwanafunzi niliyekuwa namsaidia maabara alikuwa na sahani za petri zilizofunikwa ukungu mweusi na ute wa Bacillus, bakteria wanaokua haraka. Aktinobakteria, yaani bakteria wanaoota kama nyuzi na ndio aliowatafuta, hata mmoja hakuonekana. Aliniuliza aongeze dawa gani. Nikamwambia aache dawa kwanza, arudi kwenye udongo wake. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa wengine walio kwenye hali hiyo.

1. Kuchukua sampuli

Vibali vya utafiti kwanza (kutoka tume za sayansi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya). Kisha ondoa majani makavu, chimba sentimita 5 hadi 15, changanya udongo wa sehemu kadhaa za eneo hilohilo, andika mahali, tarehe na pH (kiwango cha asidi). Ile harufu ya ardhi baada ya mvua ni geosmini, na watengenezaji wake wakubwa ni aktinobakteria wa jenasi Streptomyces, kwa hiyo udongo unaonukia hivyo unakupa matumaini.

Hapohapo, tenga gramu chache za udongo mbichi uziweke kwenye friza. Sababu utaiona mwishoni.

2. Kukausha na kupasha moto

Hapa ndipo kazi inapopona au kuharibika.

Tandaza udongo tabaka jembamba juu ya karatasi safi, kivulini, kwa muda wa wiki moja. Usianike juani. Spora za Streptomyces zinavumilia ukavu, lakini bakteria wengi wanaokua haraka, kama Pseudomonas, hawauvumilii. Ukishakauka, saga na uchekeche.

Sasa moto. Moto uwe mkavu: udongo uingie kwenye oveni ukiwa unga, bila maji. Mwanafunzi wangu alikuwa amekoroga udongo kwenye maji na kuuchemsha kwa nyuzi joto 80 kwa dakika 10. Hiyo ni njia nzuri sana ya kumpata Bacillus! Bacillus ana endospora, spora ngumu zinazoundwa ndani ya seli, zinazostahimili maji ya moto. Spora za Streptomyces ni za aina nyingine kabisa, zinavumilia ukavu na joto kavu, ila maji ya nyuzi 80 yanaziua. Alikuwa anaua anachokitafuta na kumwachia uwanja anayemkimbia.

Mimi hugawa udongo mafungu matatu. La kwanza halipashwi moto, ni la kulinganishia. La pili nyuzi 100 kwa saa moja. La tatu nyuzi 120 kwa saa moja, iwapo natafuta jenasi adimu kama Microbispora na Streptosporangium. Usiamini namba za kwenye kitufe cha oveni, chomeka kipimajoto ndani ya udongo wenyewe. Na tabaka likiwa nene, katikati hapapati joto.

Njia ya pili ninayoipenda, hasa pasipo na oveni nzuri: changanya gramu 10 za udongo na gramu 1 ya kabonati ya kalsiamu, weka palipo na unyevu kwa wiki moja hivi kwenye nyuzi 28. Aktinobakteria huongezeka.

Matope ya mikoko yanakaushwa vilevile, ila midia yake (chakula cha kuoteshea) itengenezwe kwa maji ya bahari yaliyochujwa. Salinispora, aktinobakteria wa baharini, kwa mfano, hatoki bila hayo.

3. Midia

Achana na agari lishe (midia ya kawaida yenye chakula kingi). Chakula kingi kinawapa nafasi wenye haraka. Tumia agari ya wanga na kasini. Kwa lita moja: wanga gramu 10, kasini 0.3, nitrati ya potasiamu 2, chumvi ya kawaida 2, fosfati ya dipotasiamu 2, salfeti ya magnesiamu 0.05, kabonati ya kalsiamu 0.02, salfeti ya chuma 0.01, agari 18. pH 7.2. Wanga ukoroge kwanza kwenye maji baridi, na kasini iyeyushe kwenye haidroksidi ya sodiamu kidogo, la sivyo utapata mabonge.

Kwa sampuli za maziwa ya magadi kama Bogoria au Natron, pandisha pH hadi 9.5 au 10 kwa kabonati ya sodiamu, lakini iingize kwenye otoklevu (chombo cha mvuke cha kuua vijidudu) katika chupa yake peke yake, uchanganye midia ikishapoa. Ukiziweka pamoja, agari inalegea na chumvi nyingine zinaganda chini.

Dawa: nistatini mikrogramu 50 kwa mililita dhidi ya kuvu, asidi ya nalidiksiki mikrogramu 20 dhidi ya bakteria wa Gramu hasi, kundi la akina Pseudomonas. Ziweke midia ikiwa nyuzi 45 hadi 50. Saikloheksimidi, dawa nyingine ya kuvu, inafanya kazi, lakini ni sumu kali kwa binadamu na siipendi mikononi mwa wanafunzi. Nistatini yenyewe inatoka kwa Streptomyces noursei, walioivumbua ni Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown. Angalia: hakuna kati ya dawa hizi unayoweza kuitegemea kumzuia Bacillus. Ndiyo maana nasisitiza hatua ya 2, na ndiyo maana sahani zikaushwe uso kabla ya kupanda, asipate maji ya kusambalia.

4. Kupanda

Gramu 1 ya udongo kwenye mililita 9 za maji yasiyo na vijidudu, punguza mara kumi kumi hadi 10⁻⁵ (sehemu moja kwa laki moja), sambaza mililita 0.1 juu ya kila sahani.

5. Kusubiri

Nyuzi 28, siku 7 hadi 21. Usitupe sahani siku ya tatu! Zifunge kwenye mfuko zisikauke. Koloni unayoitaka ni ngumu, imeng'ang'ania agari, juu ina unga mweupe, wa kijivu au wa waridi. Ukiwa na shaka, weka ukingo wake chini ya hadubini: nyuzi za aktinobakteria zina upana wa takriban mikromita 1, za kuvu ni nene zaidi.

6. Kusafisha na kutambua

Hamishia kwenye ISP2 (midia ya dondoo la hamira na kimea) hadi koloni ziwe za aina moja, hifadhi kwenye gliseroli asilimia 20. Kwa jeni ya 16S, inayotumika kutambua bakteria, tumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) 27F na 1492R, na uwape bakteria laisozaimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa seli, muda wa kutosha kabla ya kutoa DNA.

Ukitaka kujua jamii nzima ya vijiumbe, sahani haitoshi, kwa sababu inaonyesha wale tu waliokubali kuota juu yake. Hapo toa DNA moja kwa moja kutoka kwenye ule udongo mbichi wa friza. Uliokaushwa na kupashwa moto haufai kwa kazi hiyo, kwa kuwa tayari umeshaubadilisha.