Ukijenga karibu na bahari, hivi ndio utumie simenti ya mchanganyiko

Wadau mnaojenga Kigamboni, Tanga, Likoni na kote ambako upepo una chumvi, tuache jamani kuita simenti ya mchanganyiko (klinka iliyosagwa pamoja na vitu vingine kama slagi au pozolana) "iliyochakachuliwa". Ukiitumia vizuri hiyo ndo inalinda nondo zako kuliko ile ya klinka tupu (klinka ni madonge ya mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa tanuruni, ndo yanasagwa kuwa simenti).

Iko hivi, klinka ikikutana na maji inatoa gundi lakini inatoa na chokaa nyingi ambayo haiongezi nguvu, sasa slagi (yale mabaki ya tanuru la chuma, yanapozwa ghafla kwa maji halafu yanasagwa) au pozolana (majivu au mawe ya volkano yaliyosagwa) inaila hiyo chokaa polepole na kutengeneza gundi nyingine inayoziba vitundu, kwa hiyo chumvi inachelewa sana kufika kwenye nondo. Ikifika tu, kutu inavimba na zege linapasuka.

Cha kwanza soma mfuko, sio rangi yake, maandishi. CEM ni alama ya aina ya simenti: CEM II/A ina nyongeza (hivyo vitu visivyo klinka) asilimia 6 mpaka 20, II/B ni 21 mpaka 35, na CEM III/A ni slagi asilimia 36 mpaka 65. Herufi inayofuata ndo muhimu: S ni slagi, P pozolana, V majivu ya makaa ya mawe, L au LL ni unga wa mawe ya chokaa. Huo wa L kazi yake kubwa ni kujaza nafasi, kidogo ukichanganywa na slagi unasaidia zege likaze mapema, ila peke yake usiutegemee kuzuia chumvi. Kwa msingi na nguzo za pwani tafuta S au P, na iwe ya daraja la nguvu 42.5.

Maji ndo watu wanapoharibu. Mfuko wa kilo 50 lita 22 mpaka 25 zinatosha, na unyevu wa mchanga uhesabu humo humo, fundi akidai zege gumu kumwaga mtafutie dawa ya kulainisha zege na vaibreta, asiongeze ndoo. Mchanga wa ufukweni usiguse kabisa. Nondo zifunikwe na zege sentimita 5.

Halafu kumwagilia, hapa nasisitiza kabisa, kwa sababu slagi na pozolana zinafanya kazi taratibu na zikikauka zinaacha kazi njiani, unabaki na zege la vitundu linalopitisha chumvi na hewa ya ukaa pia, na hiyo hewa inaingia kirahisi zaidi kwenye zege lenye slagi nyingi kwa vile chokaa yake imepungua. Funika kwa magunia mabichi au nailoni wiki mbili nzima, siku 3 hazitoshi! Miti ya slabu nayo usiitoe kwa mazoea ya simenti ya klinka tupu, na ukipeleka sampuli maabara usiikatie tamaa kwa majibu ya siku ya 7, subiri ya 28, ukiweza na ya 56.