Namna ya kusoma tamthilia za Kigiriki zenye siri za ukoo bila kupotea njiani

Wengi wetu tunazianza hizi tamthilia tunaziacha ukurasa wa kumi, tunasema majina magumu halafu mwisho tunaujua tayari. Mi nilikuwa hivyohivyo. Kosa letu ni kuzisoma kama muvi ya upelelezi, tunasubiri kuambiwa nani kaua.

Kwa hiyo cha kwanza, jiharibie mwisho. Soma kisa chote kabla hujafungua kitabu. Watu wa Athens waliokaa pale kwenye ukumbi wa maigizo wa mungu Dionysus visa hivi walishavisikia tangu utotoni, walichokuja kuangalia ni mtu asiyejua anavyotembea kuelekea kujua.

Anza na Oedipus ya Sophocles, mtunzi wa Athens (ipo ya Kiswahili, Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Mfalme Edipode, ukiikuta maktaba usiiache). Laius mfalme wa mji wa Thebes kaambiwa mwanao atakuua, basi kichanga kikatobolewa miguu kikapewa mchungaji akakitupe mlimani Cithaeron, mchungaji akaingiwa huruma akampa mwenzake wa Korintho, mtoto akalelewa na mfalme wa huko Polybus kama wa kumzaa. Amekua, siku moja karamuni mlevi akamropokea kwamba wewe si mtoto wa baba'ako. Akaenda kuuliza Delphi, kwenye hekalu la utabiri la mungu Apollo, akaambiwa utamuua baba'ako na kumuoa mama'ako, akaikimbia Korintho ili asiwadhuru wazee wake, na njiani panapokutana njia tatu akagombana na mzee mmoja akamuua. Ndo baba'ake huyo. Mbele akafumbua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililousumbua mji, Thebes wakampa ufalme na mjane, Jocasta.

Sasa yote hayo yameshatokea kabla pazia halijafunguka, kama wangekuwa na pazia. Tamthilia yenyewe ni siku moja tu, mji una tauni na mfalme anamtafuta aliyemuua Laius.

Chukua karatasi, andika nani anajua, nani anashuku, nani hajui, na kila mtu anapoingia msogeze. Tiresias, mtabiri kipofu, anajua tangu anaingia, hataki kusema, akibanwa anasema na haaminiki, Oedipus anaona ni njama za shemeji yake Creon. Wakati huohuo pigia mstari maneno yenye pande mbili. Mapema kabisa Oedipus anaapa atampigania Laius kana kwamba ni baba yake mwenyewe, na anamlaani muuaji mbele ya watu wote. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu anakitangazia vita hadharani.

Halafu kaa na Jocasta, usimpite haraka. Anataka kumtuliza mumewe, anamwambia achana na utabiri, Laius aliambiwa atauawa na mwanae akaishia kuuawa na majambazi kwenye njia tatu. Ile faraja ndo inamchoma, maana Oedipus anakumbuka njia tatu. Baadaye anaingia mjumbe kutoka Korintho na habari anazodhani ni njema, Polybus kafariki, na wala usiogope kumuoa mama'ako kwa sababu wale hawakukuzaa, mimi ndo nilikupokea kwa mchungaji wa Laius. Wanaume wawili wanaulizana, na Jocasta yuko palepale kimya. Rudia kurasa hizo ukimfikiria yeye tu. Amejua kabla ya mumewe. Akifungua mdomo ni kumsihi asiulize zaidi, naye Oedipus anadhani mke anaona aibu kuolewa na mtoto wa mtumwa!! Anaingia ndani kujinyonga.

Kitu kingine, hesabu waigizaji. Enzi za Sophocles wanaosema walikuwa watatu tu na walivaa vinyago, kwa hiyo mmoja alicheza watu kadhaa. Mchungaji mzee anapoletwa, Oedipus na yule Mkorintho bado wako stejini, ina maana wa kumcheza mchungaji ni yuleyule aliyekuwa Jocasta. Kinywa kilichosihi siri isitoke kinarudi na kinyago kingine kuitoa. Nilipogundua hilo nilifunga kitabu nikaenda kutembea. (Na bado inasimuliwa kwamba mwaka alioileta tamthilia hii kwenye mashindano Sophocles alishika nafasi ya pili.)

Fuata pia watumishi kuliko wafalme, siri ya nyumba iko kwao. Mchungaji yule ndiye aliyemtoa mtoto, ndiye aliyepona pale njia tatu, na ndiye aliyeomba apelekwe malishoni mbali alipomwona Oedipus kwenye kiti. Kwenye Electra ya Euripides, mtunzi mwingine wa Athens, naye ni mzee mtumishi anayemtambua Orestes, kaka'ake Electra aliyepotezana naye, kwa kovu la juu ya jicho.

Alama za kumtambulia mtu ziangalie lakini usizishangilie zote. Aeschylus, mtunzi aliyewatangulia, mwaka 458 KK alimfanya Electra amtambue kaka'ake kwa nywele na nyayo, na Euripides akamcheka, Electra wake anauliza nywele za mwanaume wa mieleka zitafananaje na za mwanamke anayezichana. Mwanafalsafa Aristotle naye aliona utambuzi wa alama ni wa chini, bora ule unaozaliwa na matukio yenyewe kama wa Oedipus. Namkubali, ila kikapu cha kwenye Ion ya Euripides simpi mtu.

Ion isome ya pili basi. Creusa, malkia wa Athens, alizaa na Apollo kwa siri akamwacha mtoto pangoni, miaka imepita anataka kumpa sumu kijana wa hekaluni Delphi bila kujua ni yeye, anagundulika na kutaka kuuawa, na anaokolewa kwa kutaja vilivyomo kikapuni kabla hakijafunuliwa: kitambaa alichofuma mwenyewe, nyoka wa dhahabu, taji la mzeituni. Mumewe Xuthus kaambiwa na Apollo kwamba kijana ni wake. Mwishoni mungu wa kike Athena anashuka, anawathibitishia mama na mwana ukweli wote, kisha anamwagiza Creusa anyamaze, Xuthus aachwe na furaha yake. Wakati huo Xuthus mwenyewe yuko zake mlimani anatoa sadaka za kumpata mtoto.