Kwenda dunguni gizani: kwa mwenzetu anayewinda kulungu Marekani

Mpwa wangu anaondoka Tukuyu mwezi ujao kwenda kusoma Minnesota, na mwenyeji wake ameshamwambia kwamba Novemba watakwenda kuwinda kulungu. Akaniuliza, "Mjomba, wewe umekaa kule miaka tisa. Bunduki nitafundishwa huko huko. Wewe utanifundisha nini?" Nikamwambia nitamfundisha kutembea. Na kwa kuwa wenzetu wengi wa huku nyanda za juu wako kule tayari, nayaandika na kwa ajili yao.

Tuanze na majina. Kulungu wa kule si huyu wetu wa vichakani. Pembe za dume wake hudondoka kila mwaka na kuota upya, wakati za pongo na swala hubaki kichwani maisha yote. Ila dungu unalijua, lile la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe. La kule hufungwa juu ya mti, mita tano hivi kutoka chini, na inabidi uwe umeshatulia juu yake kabla hakujapambazuka. Majimbo mengi huruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo mwendo wote ni wa gizani. Wengi huharibu hapo, kabla hata hawajapanda mti.

Juzi nilimwamsha saa kumi na nusu alfajiri. Tukapita migombani, tukashuka njia ya kijitoni. Hapakuwa na upepo wowote, hata jani la mgomba halikutikisika. Nikampa majivu ya jikoni, nikamwambia aachie kidogo kidogo huku akimulika. Hayakuanguka wima. Yalijitenga na vidole vyake, yakaelea taratibu kuelekea bondeni, yakapotea nje ya mwanga. Akarudia mara tatu, na mara zote yakashika njia ile ile.

Hewa ikipoa usiku inakuwa nzito, nayo hushuka mteremko kama maji. Ndiyo maana alfajiri moshi wa huku hulala mabondeni. Vilima vya Marekani hufanya vivyo hivyo, na harufu yako inashuka pamoja na hewa hiyo. Ukipita juu ya bonde walimo kulungu, wameshakujua hata kama hujavunja kijiti. Jua likishapasha ardhi, hewa inageuka na kuanza kupanda. Basi kabla ya kuchagua njia, jiulize harufu yako itaangukia wapi. Kama ni pale wanapopita au kulala, tafuta njia nyingine, au uliache dungu hilo kwa siku hiyo.

Usikate katikati ya shamba, hata kama ndiyo njia fupi. Usiku kulungu hutoka kula kwenye mahindi na soya, na alfajiri hurudi vichakani kulala. Ukivuka gizani unawafukuza pale pale ulipotarajia watoke. Zunguka, hata ukichelewa dakika ishirini. Kijito kikiwepo kifuate, kwa maana kingo zake zinakuficha na maji yanafunika nyayo zako.

Njia hiyo uwe umeipita mchana. Hili nalisema kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza nilielekezwa kwa mdomo tu: vuka kijito, shika kulia. Usiku ule njia ziligawanyika mara mbili. Nikashika isiyo yangu, na ghafla tochi ikawaka juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimesimama chini ya dungu la mtu mwingine, mwenye bunduki, nami sina mwanga wowote kwa kuwa nilitaka kuwa msiri. Mzee yule alinisemesha kwa upole, lakini magoti yangu yalitetemeka hadi kulipokucha. Siku hizi kuna pini ndogo zinazoakisi mwanga, unazichomeka mitini mchana na usiku zinakuongoza. Omba ruhusa ya mwenye ardhi kwanza.

Kuhusu tochi, ni kweli kulungu huona rangi nyekundu kwa shida, ndiyo maana wengi hutumia taa nyekundu ya kichwani. Mimi nasema kama kuna wawindaji wengine eneo hilo, washa taa nyeupe utembee nayo. Kulungu mmoja akikimbia, acha akimbie. Vaa na ile rangi ya machungwa inayong'aa, ambayo majimbo mengi huilazimisha msimu wa bunduki.

Bunduki isiwe na risasi wakati unatembea, wala wakati unapanda. Panda mikono mitupu, kisha ivute kwa kamba, mtutu ukiangalia chini. Mkanda wa usalama uufunge kwenye mti miguu ikiwa bado ardhini, usiufungue mpaka umeshuka. Kuanguka kutoka dunguni kumewavunja watu migongo, na wengine kumewaua.

Baridi tunaijua, lakini ya Minnesota inaua. Tembea polepole ukiwa umevaa nguo chache, koti zito liwe mgongoni. Ukifika umelowa jasho, saa moja baadaye utakuwa unatetemeka na itabidi ushuke.

Na makaratasi. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki, isipokuwa ana kibali kinachotambuliwa, kama leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani. Asiye na hati za ukaaji asiiguse kabisa. Pata leseni kwanza, soma na kozi ya uwindaji pale jimbo linapoidai.

Kesho saa kumi na nusu tunarudi kijitoni. Atatangulia yeye, na majivu atayabeba mwenyewe.