Kisu cha Kukunja cha Zamani: Kukisoma, Kukitunza na Kujua Bei Yake

Kwenye meza za vyuma chakavu pembeni mwa soko la Memorial, Moshi, kisu cha kukunja cha zamani hukaa pamoja na spana, kufuli zisizo na funguo na mikasi ya mafundi cherehani. Muuzaji akikuona umekishika kwa muda mrefu, hukosi kusikia: "Mzee, hicho ni cha Mjerumani, hupati tena." Niliambiwa hivyo kuhusu kisu kimoja chenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Nilikifungua taratibu, nikakigeuzia juani na kusoma maneno yaliyogongwa chini ya bapa: Solingen (mji wa Ujerumani wa watengeneza visu), W. Germany, Rostfrei. Kilikuwa cha Mjerumani kweli, ila si yule aliyefikiriwa na muuzaji. W. ni ya Ujerumani Magharibi, nchi iliyokuwapo kuanzia 1949 hadi 1990, na Rostfrei maana yake ni chuma kisichoshika kutu, ambacho kilianza tu kuwafikia watengeneza visu katika miaka ya 1910, ilhali Wajerumani waliipoteza Moshi Machi 1916.

Anayeanza kukusanya visu hivi ajifunze kusoma sehemu hiyo ya bapa kabla ya kujifunza jambo lingine lolote. Ni ile sehemu nene isiyo na makali, karibu na kiungo, ambayo mafundi walipiga mhuri wa kiwanda. Beba lenzi ndogo na kitambaa kilicholowa mafuta kidogo, kwa sababu mara nyingi mhuri umefunikwa na uchafu uliogandamana, na usikubali muuzaji akusaidie kuukwangua kwa msumari. Visu vilivyopelekwa Marekani vililazimika kuandikwa jina la nchi vilikotengenezwa kufuatia sheria ya ushuru ya 1890, hivyo neno England au Germany kwa kawaida huonyesha kwamba kisu ni cha baada ya hapo. Kampuni ya Case ya Marekani ni rafiki wa mkusanyaji kuliko zote: mhuri wa Case XX ni wa 1940 hadi 1964, wenye U.S.A. chini yake ni wa 1965 hadi 1969, na kuanzia 1970 waliweka nukta kumi na kuondoa moja kila mwaka, hivyo mwenye macho mazuri anaweza kuhesabu nukta na kutaja mwaka pale pale mezani.

Huku kwetu Case ni nadra. Vinavyopatikana zaidi ni vya Uswisi, ambavyo wapanda mlima huwaachia waongozaji na wagumu, yaani wapagazi wao, pamoja na soksi na tochi, na Okapi, kisu cha mpini wa mbao chenye pete ya kufungulia. Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo Okapi yenye jina la Ujerumani na Okapi yenye jina la Afrika Kusini ni bidhaa mbili tofauti kwa mkusanyaji, hata kama zinafanana mkononi. Kwa visu vya Uswisi, tafuta kile cha askari cha mwaka 1961, chenye mpini wa aluminiamu wenye vinundu. Kilitolewa kwa jeshi la nchi hiyo hadi 2008, na tarakimu mbili za mwaka zimegongwa kwenye bapa.

Baada ya mhuri, kagua hali. Fungua kila bapa na usikilize: springi nzima hulifungua na kulifunga kwa mlio mkavu wa "tak", na iliyochoka huliacha likilegea kama mlango usio na kitasa. Shika ncha ya bapa, ulitikise kushoto na kulia uone kama linacheza. Kisha tazama umbo lake kwa kulinganisha na picha ya kisu kama hicho ambacho hakijatumika, maana hapa ndipo visu vingi vya Arusha na Moshi huharibikia. Mnoa visu wa baiskeli anafanya kazi nzuri kwa kisu cha bucha, lakini gurudumu lake likipita mara tatu kwenye bapa dogo la kisu cha mfukoni, upana unapungua, ncha inabadilika, na mkusanyaji wa ng'ambo huona jambo hilo kwenye picha ya kwanza. Tatizo la pili ni usafi. Niliwahi kuahidiwa kisu cha Sheffield, Uingereza, na jirani, nikamkuta siku iliyofuata amekisugua kwa stili wuli na majivu hadi kimeng'aa kama sufuria ya harusi. Rangi ya kijivu iliyojengwa na chuma chenyewe kwa miongo mingi ilikuwa imeondoka, na mhuri ulikuwa umebaki nusu. Alikuwa amenifanyia hisani. Kutu nyekundu iondolewe kwa mafuta ya cherehani na kitambaa, polepole. Rangi ya kijivu iachwe.

Sasa bei. Bei inayotangazwa ni matumaini ya muuzaji, na haifai kufuatwa. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, kuna chujio linaloonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa katika miezi ya karibuni. Litumie, panga bei hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, weka kando zilizopita kiasi pande zote mbili, na uangalie ya katikati. Ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa kuwa bei hizi husogea kwa sababu zinazoeleweka. Wenger, kampuni ya visu ya Uswisi, ilinunuliwa na mshindani wake wa huko huko, Victorinox, mwaka 2005, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba visu vyake havitatolewa tena kwa jina lake. Kitu kisichotengenezwa tena huanza kutafutwa, ingawa si kila modeli. Kwa upande mwingine, baada ya Septemba 2001 abiria wa ndege walikatazwa kubeba visu, na maelfu ya visu vilivyonyang'anywa katika viwanja vya Marekani vikauzwa kwa mafungu, jambo linaloeleza kwa nini kisu chekundu cha kawaida cha Victorinox hakina bei kubwa huko hata kikiwa kizima. Kuna pia shilingi yetu: kisu cha dola 40 kilikuwa takriban shilingi 92,000 dola ilipokuwa 2,300 mwaka 2022, na kikawa shilingi 104,000 ilipofika 2,600 mwaka 2024, bila thamani yake kwa mkusanyaji kuongezeka hata senti. Ondoa gharama ya posta kabla ya kuhesabu faida.

Mpini wa pembe ya ndovu usiuguse kabisa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa, na haijalishi kwamba kisu kilirithiwa kutoka kwa babu. eBay nayo ilipiga marufuku pembe hizo mwaka 2009.

Vilivyobaki vihifadhi vikavu, hasa wakati wa masika, kwenye kitambaa cha pamba na si kwenye mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi huvuta unyevu na dawa zake hula shaba. Tia vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Mpini wa seluloidi, ule wa rangi rangi unaofanana na plastiki ya zamani, uwekwe peke yake: ukianza kuoza hutoa mvuke unaotia kutu mabapa ya visu vyote vilivyo kwenye boksi moja nao.